Siku Simu Ilipomuua Mama

Samaki wa vizimbani walipokufa kwa wingi wakaelea ziwani hapa Mbita, kila mtu aligeuka mtaalamu. Kwenye kundi la kanisa letu, katika simu, iliingia sauti ya mwanamume aliyejiita daktari, jogoo akiwika nyuma yake. Alisema ziwa limemwagiwa sumu, na anayekula omena, hao dagaa wetu, asitarajie kuiona Jumapili. "Tuma kwa unaowapenda." Kumbe tunapendwa hivi! Niliipata kutoka kila upande.

Sasa, Mama yangu ni muuzaji wa omena. Magunia yalikuwa yamejaa chumbani kwake, mvua imeanza, na omena ikishika unyevu huota ukungu ikawa chakula cha kuku. Isiponunuliwa wiki ile, biashara yake imekwisha. Na unajua nani alikuwa wa kwanza kujibu ujumbe ule? Mama. Aliandika "Amina."

"Mama! Unaitikia amina biashara yako ife?"

"Ujumbe wa kanisa hauachwi bila amina. Unataka nionekane sina adabu?"

Ndivyo tulivyo. Liwe tangazo la msiba au picha ya maua, tunaitikia. Wateja wakamshika hapo hapo: kama muuzaji mwenyewe ameitikia, nani abishe? Mimi nikawaka. Nikatuma ujumbe mrefu wa kukanusha, na hakuna aliyeitikia amina, hata Mama.

Alipochoka na kelele zangu alibeba jiko na sufuria hadi sokoni. Akakaanga omena na nyanya, akasonga ugali, akala mbele ya watu tonge baada ya tonge. Watu walisimama mbali wakimtazama kama anayemeza wembe. Hakuna aliyenunua. Mmoja alimpiga video.

Kesho yake asubuhi tukasikia nduru langoni. Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alikuwa ametoka Macalder na wanawake wa ukoo, wanakuja mbio mikono kichwani, wakimlilia mama mpole aliyeuawa na omena. Video ilikuwa imewafikia na maneno chini yake: Mungu amlaze pema.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Wifi, nani amekufa?"

Shangazi alimkagua kuanzia miguuni hadi kichwani, kisha akaendelea kulia. "Yawa, jamani, nimetoka Macalder kote huko! Ngoja nimalize kwanza."

Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamwona Mama ameshika ukuta, na machozi yangu yakawa ya kweli. Si mchezo kusikia unavyoliliwa.

Lakini kwetu aliyefika kwenye kilio haondoki bila kula, na nyumbani hapakuwa na kitoweo kingine. Mama akapakua omena. Wanawake wakatazamana. Kukataa chakula cha kilio ni aibu kubwa, na kukila, kwa habari walizokuwa nazo, ni kifo.

"Mmekuja kunizika," Mama akasema. "Kuleni basi, tuzikwe pamoja."

Shangazi alifumba macho akameza. Akasubiri kidogo. Kisha akasogeza sahani aongezwe. Alipomaliza kulamba vidole akawaandikia watu wa kundi la ukoo: marehemu yu hai, tumekula naye omena.

Kufikia jioni ujumbe huo ulikuwa umezunguka Homa Bay na Migori, nao ukaota mkia njiani. Watu walikuja kwetu na mabeseni, wakisukumana. Mzee mmoja, ambaye mkewe alikuwa kitandani wiki nzima hainuki, aliniinamia sikioni.

"Hii ndiyo ile omena iliyomfufua mama yako?"

Nikafungua kinywa nimpashe ukweli. Mama akanifinya kiunoni.

"Mpimie," akasema. Kisha akamgeukia mzee, uso mkavu kabisa. "Lakini sikiliza, baba. Omena hii haifanyi kazi mpaka mgonjwa afikishwe hospitali kwanza. Na ni leo."

Mzee aliliacha beseni lake pale pale, akaondoka mbio kutafuta bodaboda.