Matairi Mapana ya Kaka Aloisi

Siku ile naikumbuka kwa harufu. Harufu ya raba inayosuguana na bati, mwanangu, ikishakuingia puani haitoki tena. Mimi naikaribia miaka sabini, na mpaka leo nikipita karibu na gereji nageuza uso.

Nayasema haya kwa sababu juzi mjukuu wangu Deo alinionyesha picha za matairi kwenye simu yake. Amenunua gari la michezo, milango miwili, limelala chini kama kobe, na matairi yake yamekwisha. Akaniuliza, "Bibi, kati ya haya mapana na haya ya kawaida, yapi yanapendeza?" Nilimwambia nitamjibu nikishatulia. Jibu ndilo hili, na wewe mwingine mwenye gari la namna hiyo, kaa usikilize. Shule niliishia darasa la nne, lakini habari za tairi nilifundishwa na msiba.

Nilikuwa msichana wakati ule, sijaolewa, niko kwa baba yangu Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi. Kaka yangu Aloisi, mtoto wa kwanza, alikuwa Dar es Salaam na mambo yake yalikuwa yamemnyookea. Lakini yeye na Baba walikuwa hawasalimiani. Aloisi alikuwa amemwambia Baba mbele ya wakwe zake kwamba kahawa yake ni umaskini wenye maua meupe. Wakwe walicheka. Baba hakucheka. Alisema, "Kwangu usikanyage mpaka ulete isale, na ulilete kwa mkono wako."

Isale ni yale majani marefu ya kijani tunayopanda mipakani. Kwetu sisi, ukimkosea mtu ukampelekea isale, hana ruhusa ya kukataa. Ugomvi unaishia hapo. Jani moja tu, halinunuliwi, limejaa kila uzio. Aloisi alikaa miaka bila kulileta, maana kiburi nacho ni mzigo usioonekana mgongoni.

Halafu Baba akaugua. Krismasi ilipokaribia, watu wanarudi mlimani kama kawaida yetu, Mama akamtumia Aloisi habari: baba yako anasema uje, na uje upesi kabla hajatutoka. Aloisi akajibu anakuja mkesha wa Krismasi. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, kwa hiyo nilikata isale mpakani, nikashuka nalo Moshi mjini kumsubiri, ili alishike yeye mwenyewe atakapoingia kwa Baba.

Alifika asubuhi na gari jekundu la michezo. Mwanangu, nilijisikia. Usinidanganye kwamba wewe usingejisikia. Tungeweza kupanda moja kwa moja tukafika Baba akiwa anakunywa uji wake. Lakini Aloisi aliyaangalia matairi yake, yalikuwa yamechakaa, akasema hawezi kuingia kijijini Krismasi na matairi yenye kipara.

Hapo hakukosea. Tairi bovu ni bovu. Alikosea dukani. Saizi yake ilikuwepo, matairi meusi ya kawaida, hayana maneno. Na pembeni yalikuwepo mengine mapana, yamevimba, yana maandishi meupe ubavuni. Mwenye duka alimwambia yale mapana yataingia, ila akipakia mzigo nyuma atayasikia. Kaka akacheka, akasema yeye hana mpango wa kubeba ndizi. Mwenye duka naye alikuwa anauza, hakurudia mara ya pili. Yakafungwa yale mapana.

Tukatoka hapo tukaenda kununua vitu vya sikukuu. Gunia la sukari, ndoo ya mafuta, mablanketi, mchele. Vyote nyuma. Mtu amesema habebi mzigo, kisha anapakia gari mpaka linakaa kitako. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na gari zuri vilevile si matairi yanayoonekana kwa jirani.

Kwenye lami halikusema kitu. Tulipoiacha lami tukaanza kupanda, kila jiwe na kila kona tukasikia: kwaa, kwaa. Tairi la nyuma lilikuwa linakula mdomo wa madigadi, lile bati linalolifunika kwa juu, na madigadi inakula tairi. Ile harufu ikaanza. Nikasema, "Kaka, kuna kitu kinaungua." Akaongeza sauti ya redio. Mbele kidogo, tairi likachanika ubavuni, gari likakaa upande.

Spea ilikuwepo. Lakini spea ilikuwa ya saizi ile ya zamani, ndogo. Alipoifunga, gari lilisimama kama mtu aliyevaa kiatu upande mmoja na kandambili upande mwingine. Na mvua ilikuwa imenyesha. Ule udongo wetu mwekundu unaujua. Kila akikanyaga mafuta, lile dogo linazunguka bure, lile pana linasaga madigadi, gari halipandi. Akashusha mizigo. Akaweka mawe. Akaweka majani ya migomba. Jua likapita kichwani.

Ndipo akaja Ndelilio, jirani yetu, na pikapu yake imejaa mabua ya kulishia ng'ombe kutoka Kahe, kule tambarare. Akasimama. Akasema tupande juu, Mzee hali yake asubuhi haikuwa nzuri.

Aloisi alilitazama gari lake, akaitazama pikapu. "Miaka yote hii," akasema, "nikaingie nyumbani nimekaa juu ya mabua kama mbuzi wa sadaka?"

Ndelilio akamjibu taratibu, "Mbuzi wa sadaka huwa anafika, bwana mkubwa."

Nilicheka. Kaka hakucheka. Nilimwambia anipe basi lile isale nimpelekee Baba. Akakataa, na katika hilo alikuwa na haki, maana Baba alisema mkono wake mwenyewe. Akasema nitangulie, yeye yuko nyuma yangu, bado kidogo tu gari linatoka. Nikapanda juu ya mabua. Nilimwona ameinama tena kwenye tairi, isale liko juu ya dashibodi, limeanza kunyauka kwa jua.

Nyumbani nilikuta Baba ameketishwa dirishani, anaangalia njia. Alikuwa amemwamuru Mama amnyoe ndevu na kumvika koti la kanisani. Nilimwambia shikamoo Baba, akaitikia, akaniuliza mkubwa yuko wapi. Nikasema yuko barabarani, gari limepasuka tairi.

Baba akauliza, "Na miguu yake nayo imepasuka?"

Akasema tena, sauti ndogo, "Mimi ninamsubiri mtoto. Hilo gari silijui."

Hayo ndiyo makaripio ya mwisho niliyoyasikia kinywani mwake, na wala hayakuwa ya kwangu, lakini ni mimi niliyeyabeba. Alisogeza mkono wake wa kulia juu ya blanketi, kiganja kimefunguka, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Jioni, kabla ya kengele ya misa ya mkesha, alikata roho. Mama alijaribu kukifunga kile kiganja, akaacha.

Aloisi alifika kiza kikiingia, kwa miguu, matope mpaka magotini, isale mkononi. Safari nzima kutoka pale gari lilipokwama haikuzidi mwendo wa mtu anayekwenda sokoni na kurudi. Mama alimpokea penye uzio. Hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Umechelewa kidogo, baba." Baba mdogo wetu aliombwa alipokee lile isale kwa niaba ya marehemu. Alikataa. Alisema yeye hakukosewa. Kaka alibaki amelishika usiku wote wa Krismasi, watu wanaingia na pole zao, na hakuna aliyejua amwambie aliweke wapi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Kaka yangu alizaa watoto sita na wajukuu wengi, na majuto ndiyo yaliyokuwa mkubwa wao. Lile gari aliliuza palepale lilipokwama.

Basi Deo, na wewe mwanangu mwingine, mnaniuliza yapi yanapendeza. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo, kuna kibandiko. Namba za tairi lako zimeandikwa pale na waliolitengeneza. Kama waliweka mapana nyuma na membamba mbele, fuata hivyo hivyo. Aloisi mwenyewe alinieleza uzeeni: ukiongeza upana na ile namba ya pili, inayopima kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, ukaiacha vilevile, tairi linarefuka pia, hata mshale wa spidi unaanza kusema uongo. Ukitaka kubadilisha, mwambie fundi ajaze watu ndani na akate usukani mpaka mwisho kabla hujalipa, siyo baada. Spea nayo iwe ya kukufikisha, isiwe pambo la buti. Usiulize macho yako wala macho ya wanakijiji. Hao watakutazama mara moja, wakarudi kwenye ndizi zao.

Na gari likikwama, mwanangu, liache. Panda mabua. Panda punda. Vua viatu utembee. Hakuna mzazi aliyewahi kukaa dirishani akisubiri matairi.

Mungu akupandishe mlimani salama na akushushe salama. Matairi yako yaishe kwa kutembea, yasiishe kwa kusuguana. Na kila unapofika, umkute anayekusubiri bado anapumua, na mkono wake ukiwa na nguvu ya kukupokea.