Hotuba ya Mtungi Mmoja

Nilikwenda Nairobi kwa sababu mpwa wangu alikunywa mafuta ya taa. Dada yangu Ndinda, anayekaa mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, alinipigia simu ofisini kwetu mjini Wote, sauti imemkauka. Mtoto alikuwa amepona, lakini kwa shida. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemtapisha, na mafuta yalipopanda yakaingia mapafuni.

"Kaka, huku kila mtu anafanya hivyo," Ndinda alisema. "Wewe ni Bwana Afya, unajua kuhutubu. Njoo uwaambie kabla mtoto mwingine hajafa."

Kuhutubu! Hapo alinigusa penyewe. Sipendi kujisifu, lakini katika wilaya yetu hakukuwa na afisa aliyejua kupanga salamu kama mimi: mheshimiwa DO, chifu, wazee, akina mama, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Niliandika kurasa nyingi, nikaipiga pasi suti yangu ya kahawia, nikapanda basi la kwanza.

Njiani nilijisomea hotuba kwa sauti. Tulipofika Athi River, mama aliyeketi kando yangu aliniuliza kama mimi ni mchungaji. Nilifurahi mno.

Mchana nilifika Mukuru. Baada ya chai nilimwuliza Ndinda ukumbi uko wapi, maana nilitazamia jukwaa na viti kama vya kumbi za mtaa wa Buruburu. Akacheka. "Ukumbi ni bombani, kaka."

Bomba lilikuwa la Mzee Salim, mtu wa pwani aliyehamia huku zamani, na foleni yake ilizunguka mabanda hadi mwisho usionekane. Desturi yao ilikuwa hivi: mwenye neno la kuwaambia watu husimama kando ya bomba, aliye mbele hutega mtungi wake, na mtungi ukijaa neno limekwisha. Matangazo ya matanga, chama cha akina mama, mtoto aliyepotea, yote yalipimwa hivyo hivyo.

"Karibu, Bwana Afya," Mzee Salim akasema. "Sema lako."

Nikakohoa, nikaanza. Nilimsalimu mwenye bomba, nikawasalimu akina mama na vijana, nikaleta salamu za ofisi ya wilaya, nikagusia jinsi mafuta ya taa yalivyoingia nchini. Msichana mmoja mwenye kitambaa chekundu akafunga bomba.

"Buda, mtungi imejaa."

"Lakini bado sijaanza!"

"Sasa saa hii yote ulikuwa unado nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Nilirudi nyumbani masikio yanawaka moto.

Jioni, nikila ugali kwa hasira, nilimwambia Ndinda kwamba mambo ya kitaalamu hayatangazwi kama mbuzi aliyepotea. Yana utangulizi wake, yana hoja, yana hitimisho. Yeye alikuwa amempakata mwanawe, ambaye bado alikuwa anakohoa.

"Kaka, siku ile ungekuwa mlangoni kwangu na jirani ameshamshika mtoto, ungemwambia nini?"

"Asimtapishe."

"Basi sema hiyo."

Nilizitoa kurasa zangu, nikaanza kukata. Kwanza zilikwenda salamu, na ziliniuma. Kisha historia, kisha hoja moja baada ya nyingine, nzuri zote, na kadiri nilivyokata ndivyo nilivyozidi kuchangamka. Nilibaki na kitu ambacho hakikuhitaji karatasi.

Asubuhi nilirudi bombani bila suti. Mtungi ukategwa. "Mtoto akinywa mafuta ya taa," nikasema, "usimtapishe. Mafuta yakipanda yanaingia mapafuni. Mbebe, mkimbize hospitali." Kisha nikawasimulia ya mpwa wangu. Mtungi ulikuwa haujafika hata nusu.

"Hata maziwa nisimpe?" mmoja akauliza.

"Usimpe."

"Na akitapika mwenyewe?"

"Mwinamishe mbele, lakini usisimame. Endelea kwenda."

Maswali yalimiminika. Mtungi ulijaa, ukafurika, maji yakatiririka miguuni mwetu, na hakuna aliyekumbuka kufunga bomba mpaka Mzee Salim alipopiga kelele. Nilijisikia nimeongezeka kimo.

Kesho yake, nikiwa na begi langu mkononi tayari kuondoka, nilisikia mayowe uchochoroni. Mama mmoja alisimama na mtoto mikononi, harufu ya mafuta ya taa imetanda. Nilimkimbilia, nikamshika mtoto kidevu ili nitazame anavyopumua. Papo hapo nikapigwa kofi mkononi na mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

"Wee mzee! Usimtapishe! Hiyo mafuta itaingia kwa mapafu! Ni hospitali!"

Akamtwaa mtoto, wakakimbia, nami nikawafuata na begi langu. Mtoto alizuiliwa kliniki hadi alasiri, kisha akaruhusiwa, anadai mkate.

Nilimwuliza yule mwanamke ni nani aliyemfundisha.

"Kufundishwa nini? Kila mtu anajua hiyo."

"Tangu lini?"

Akafikiri kidogo. "Tangu jana."

Nilirudi Wote kwa basi la jioni, nikitabasamu peke yangu. Mkubwa wangu aliponiuliza kama hotuba ilipokelewa vizuri, nilimwambia kwamba baada ya hotuba zangu nimepigiwa makofi mara nyingi, nimepewa soda, hata kuku. Lakini mtu kunikemea kwa maneno yangu mwenyewe, asijue ni yangu, ilikuwa mara ya kwanza, na sijapata heshima iliyoizidi hiyo.