Mkono Ulioshika Simu

Kabla sijaugua nilikuwa nasalimia watu vizuri. Mimi ni bibi shamba, nazungukia mahindi na maharage ya Kitahana kwa pikipiki, na kwetu sisi Waha salamu si neno moja. Unapiga makofi taratibu, unauliza watoto, unauliza mbuzi, unapiga tena.

Kisha mradi wa kilimo ulioniajiri ukatupa simu zinazoonyesha kila mmoja wetu kwenye ramani kama kidoti. Msimamizi alikaa Kasulu akivitazama vidoti vyetu. Kidoti kikitulia dakika kumi, ujumbe unaingia: “Mbona umesimama?”

Nikaanza kusalimia juu ya pikipiki, injini ikiunguruma, kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika simu.

Mwezi wa tatu tangu tupewe simu, usingizi ukapotea. Moyo ulinidunda nikiwa nimekaa tu. Niliharisha kila asubuhi, nywele zikabaki kwenye kitana. Hata chooni nilikwenda na simu. Siku moja, katikati ya shamba la maharage, nikaona giza, nikaanguka.

Daktari wa Kibondo alinipima presha mara mbili. “Iko juu sana, dada. Nani anakufukuza?”

Nikamwonyesha simu. Akanipa dawa na mapumziko ya wiki mbili, simu ibaki kazini.

Mume wangu alinipeleka Muyama kwa shangazi. Nikamnyooshea mkono mmoja. Akautazama.

“Huo mwingine umekatika?”

“Upo, shangazi.”

“Basi ulete.”

Nikapiga makofi. Yalitoka ya haraka, akaishika mikono yangu yote miwili, tukaanza upya taratibu. Ikawa hivyo kila asubuhi. Siku ya tano nililala mpaka uji wangu ukapoa.

Niliporudi nilimsimulia msimamizi habari za shangazi, kisha nikamwambia, “Njoo tuzunguke siku moja. Ukiona salamu ni uvivu, nitaacha kazi.” Nilisema hivyo, na sikuwa na kazi nyingine.

Akaja. Nyumba ya kwanza, mzee mwenye shamba alitupigia makofi, akamuuliza msimamizi habari za wazazi wake mmoja mmoja. Ndipo akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye mahindi yaliyoliwa na viwavi.

“Mbona hukuniambia, mzee?” nikauliza.

“Ulikuwa hushuki, mwanangu. Ningekuambia saa ngapi?”

Simu ya msimamizi ikatetemeka. Naye ana wakubwa wanaomtazama. Akaisoma, akaitia mfukoni.

“Shangazi yako,” akaniuliza, “anapokea wageni?”

Ule ujumbe wa “Mbona umesimama?” haujanijia tena. Dawa bado nameza. Nawashukuru daktari, mume wangu na shangazi. Nawe ambaye moyo unakudunda bila sababu, nenda hospitali kwanza. Ukitoka, zima pikipiki mlangoni kwa mtu, ushuke, umsalimie kwa mikono yote miwili.