Salamu za Kufika

Kazi yetu watu hawaielewi, na mimi nimechoka kuieleza. Baba yangu mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini Arusha, mpaka leo huwaambia wageni kwamba naendesha baiskeli huku nikitafuta kazi. Nilishamweleza kwamba hiyo ndiyo kazi: kupanda baiskeli ya matairi mapana kwenye barabara za changarawe na vumbi kuzunguka Mlima Meru, kujirekodi, kuweka video mtandaoni, na kulipwa na watu wanaotaka vitu vyao vionekane. Hatuna timu wala kocha. Anayekulipa hakujui wewe, anawajua wafuasi wako. Siku wakipungua, naye anapungua.

Tulikuwa wawili, na ukurasa wetu ulikuwa mmoja. Mwenzangu alikuwa Mmeru wa Akheri, mimi Mchaga niliyezaliwa Sekei. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha kuwaandikia wadhamini na hasira ya kuwasumbua mpaka wajibu. Yeye alikuwa na sura. Sisemi kwa wivu. Akicheka mbele ya kamera, watu wasiojua hata Arusha iko wapi walicheka naye. Mdhamini wetu mkubwa, kampuni ya nguo za baiskeli ya ng'ambo, alitupa jezi na posho ya kila mwezi kwa sharti lililonikera tangu mwanzo: nembo yao ionekane safi katika kila video.

Anayezijua barabara zetu atacheka. Upande wa Oldonyosambu vumbi ni laini kama unga, linaingia mpaka kwenye meno. Upande wa Ngarenanyuki, mvua ikinyesha, ni tope tupu. Hatukuwahi kumaliza mzunguko ule nembo ikisomeka. Kwa hiyo tukaanza kufanya jambo ambalo wenzetu wa kazi hii wanalijua ingawa hawalisemi: kurekodi kufika kabla ya kuondoka. Asubuhi, jezi imenyooshwa, tulijinyunyizia maji usoni yafanane na jasho, tukahema kidogo, tukasema tumefika salama. Video ikapangwa iruke yenyewe jioni, saa watu wanapotoka kazini, maana jioni sisi tulikuwa hoi na huko njiani mtandao ni wa kubahatisha.

Yeye alimalizia kila video kwa maneno yale yale: "Shikamoo mama. Tumefika salama." Mama yake ni mjane, analima migomba na kahawa kule Akheri. Hakuwa na simu ya kutazamia mambo hayo; mjukuu wake wa kike alimshikia ya kwake pale jikoni. Nilimwona kwa macho yangu akiijibu simu, "Marahaba, baba," ilhali mwanawe mwenyewe amekaa pembeni anakula loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Tulimtania sana kwa hilo, naye alicheka na sisi.

Siku ile mvua ilikuwa imekula ukingo wa barabara juu ya korongo. Alikuwa mbele yangu kwenye mteremko. Nilisikia breki, kisha sikusikia kitu. Nilipofika, baiskeli ilikuwa imelala ukingoni na yeye yuko chini kwenye mawe. Wafugaji waliokuwa karibu walinisaidia kumpandisha, gari la mboga likatubeba, na kabla ya kufika hospitali alikuwa ameshatuacha. Ajali haina kinga, mtu mmoja aliniambia. Nilitamani kumpiga.

Nilimpigia kaka yake mkubwa. Yeye ndiye aliyekwenda nyumbani na mwinjilisti na wazee wa kanisa, wakamkalisha mama, wakamwambia. Nilipofika mimi jioni, na damu ya mwenzangu kwenye mikono ya jezi, walikuwa bado wanafunga turubai. Simu ya mjukuu ikalia kujulisha kwamba ukurasa wetu una video mpya, na binti, kwa mazoea na kwa kuchanganyikiwa, akaifungua. Sauti ya mwenzangu ikasikika katikati ya kilio cha kina mama. Alimwamkia mama yake. Alisema tumefika salama. Kilio kilikatika, na shangazi mmoja akakimbilia mlangoni kutazama nje. Mama aliitazama simu, kisha akanitazama mimi.

Baada ya maziko video ile ilisambaa. Watu walikuwa wamejua kwamba aliyesema amefika hakufika, na jambo hilo liliwapendeza kwa namna ambayo sitaki kuifikiria. Wafuasi walimiminika. Mdhamini aliandika pole nzuri sana, na katika aya ya pili akaniomba nisiiondoe, akataja mkataba mpya, mnono, wa kwangu peke yangu. Kufa kufaana, walisema wahenga. Hawakusema anayefaidika atazame wapi. Kazi niliihitaji, sina nyingine. Lakini kila nilipofungua ukurasa alikuwa pale juu, amependeza, anahema kwa uongo. Na barabarani, nikiwa peke yangu, nilisikia gurudumu lake nyuma yangu, ule mlio wa mtu aliyeacha kupiga pedali. Nilisogea kushoto ili apite. Hakupita mtu. Niliogopa, na sioni aibu kuandika kwamba niliogopa.

Nikaenda Akheri kumuuliza mama. Niliona si haki kuifuta sauti ya mwanawe bila ruhusa yake, wala si haki kuila. Nilimweleza yote: mdhamini, mkataba, na jinsi tulivyokuwa tukirekodi asubuhi. Nilidhani hilo la mwisho litamuumiza. Aliendelea kumenya ndizi, akasema alijua tangu video ya kwanza. Nguo za mwanawe akirudi kutoka mlimani alizifua yeye.

Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alikuwa akiitikia.

"Ili mfike," alisema.

Kisha akaniambia kwamba siku ile hakuitikia, kwa sababu habari ilitangulia. Jambo hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi. Akanawa mikono, akajifuta kwa kanga, akaniomba nimwekee video. Nikaiweka. Mwanawe akamwamkia.

"Marahaba, baba," akasema polepole, kama mtu anayerudishia mlango wa chumba alicholala mtoto. Halafu akanigeukia. "Sasa ifute."

Niliifuta pale pale. Nilijua mkataba nao unaondoka, na kweli uliondoka. Wakati wa kuaga alinisindikiza mpaka barabarani, akaushika usukani wa baiskeli yangu kwa muda, haniachii. Alisema nikifika Sekei nimpigie, nisimpigie kabla.

Nilipofika, tope likiwa bado miguuni, nilipiga simu ya mjukuu nikaomba kuongea na bibi yake. Nikamwamkia, nikamwambia nimefika salama.

Nilimsikia akipumua.

"Kweli umefika?"

Nikamwambia kweli, mama, niko mlangoni kwangu.

Akaniuliza tena.