Nta Niliyoipiga Pasi

Mnicheke mkitaka, maana mimi mwenyewe nimejicheka wiki nzima.

Mimi ni dobi wa hoteli moja hapa Diani, na kwa miaka minane sijaunguza hata leso. Jumamosi Mwalimu Mwanasha wa Msambweni aliniachia karatasi kubwa iliyobandikwa vipande vya kanga na majani makavu.

"Niwekee hapa kivulini, kaka Mutua. Itaangikwa ukumbini saa kumi, wageni waione," akasema, akaenda kutafuta misumari.

Nilipoitazama nikamhurumia. Nta ya kila rangi ilikuwa imeimwagikia yote. Kwa jinsi stima inavyotukatikia mwaka huu wa tisini na nane, nikajua mishumaa imemharibia kazi. Na nta ndiyo ninayoiweza hasa: unatandika gazeti juu, unapitisha pasi ya moto, gazeti linainyonya. Nilifanya hivyo huku nikipiga mluzi, mpaka karatasi ikatakata.

Aliporudi nilimkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekutolea nta yote, mwalimu."

Akaigeuza karatasi mbele na nyuma. "Kaka, hiyo nta ndiyo picha yenyewe. Nimeiyeyusha siku tatu."

Nilitamani kuingia ndani ya kapu la mashuka. Lakini yeye aliliokota lile gazeti, akaliinua dirishani, na rangi zikang'aa zimechanganyika vizuri ajabu. Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akaenda kuliangika.

Ukumbini wageni walilipigia makofi. Meneja akauliza ni kazi ya nani. Kabla mwalimu hajajibu, wafanyakazi wenzangu wote walikwisha kunigeukia, kwani katikati ya rangi zile palikuwa na alama ya pasi, imeungua vizuri, ncha yake juu.