Mgongo Wenye Alama za Chaki

Shemeji yangu askari hana haraka. Kula polepole, kuvaa viatu polepole, na kichekesho cha leo atakicheka kesho. Dada yangu, mkewe, alimbandika jina la Baadaye, na mtaa mzima ukalipokea. Mimi nina haki ya kumtania, na haki hiyo siiachi ilale.

Jambo moja tu hulijibu papo hapo. Niliwahi kumuuliza kwa nini hajawahi kumpiga mtu risasi tangu aajiriwe.

"Shemeji, risasi ni ya kuokoa roho iliyo hatarini, njia nyingine zikishindikana. Mtu anayekimbia na hamtishii yeyote, anakimbizwa. Ndivyo sheria ilivyo."

"Kwa hilo tumbo?"

"Nakimbia nalo hivyo hivyo."

Nilidhani ni maneno tu. Mpaka siku ile, nipo kibandani kwangu napiga pasi nguo za watu, na ng'ambo ya barabara fundi cherehani anampima mteja suti. Fundi huyo mikono yake ni dhahabu, ila ana wivu na kazi yake: nguo ambayo haijamalizika haivuki kizingiti chake. Basi simu ya mteja ikalia. Akasikiliza, akapiga ukelele, akachomoka na koti mwilini. Fundi hata hakuuliza kuna nini.

"Mwizi! Mwizi wa suti!"

Neno hilo halihitaji kurudiwa. Barabara ilijaa watu kufumba na kufumbua. Shemeji yangu Baadaye alikuwa doria pale kwenye kona na mwenzake mpya, aliyehamia kituoni juzijuzi na bado ana hamu ya kuonekana.

"Polisi! Simama!" mwenzake akapaza sauti.

Mtu hakusimama. Bunduki ikapanda begani, na watu wakaanza kushangilia: "Mpige! Mpige huyo!" Sijawahi kuogopa vile, na mtu mwenyewe simjui.

Shemeji yangu aliushika mtutu akausukuma chini.

"Mikono mitupu, na ametupa mgongo. Shusha!"

"Afande, anatoroka!"

"Na atoroke. Tutamkamata kesho akiwa hai."

Kisha akatimua mbio, tumbo mbele, kofia mkononi. Waliokuwa wakishangilia wakaanza kumzomea. Mimi nikaacha pasi juu ya shati la mwalimu, shati ambalo Mungu alilirehemu, nikafuata nyuma.

Niliwakuta kwenye geti la hospitali ya uzazi. Mlinzi anauliza, "Unakwenda kumwona nani?" Mteja amelishika geti, hawezi kujibu kwa kuhema. Shemeji yangu amelishika upande wa pili, hawezi kumkamata kwa kuhema. Mgongoni mwa lile koti mlikuwa na mistari ya chaki na nyuzi nyeupe za kushikizia.

"Mke wangu," mteja akasema hatimaye. "Amejifungua."

"Umeumia?" shemeji yangu akamuuliza.

"Pini tu, zinanichoma."

Shemeji alizichomoa zile pini moja moja, polepole kama kawaida yake, akamwambia mlinzi amfungulie.

Siku nyingine baba huyo alirudi kwa fundi na mtoto, koti likamaliziwe. Fundi alikuwa mpole kama maji ya mtungi, anaomba radhi kila akichoma sindano. Suti ilipokuwa tayari, baba alimkabidhi mtoto shemeji yangu, aliyekuwa amepita kutazama, kisha akageuka.

"Afande, hebu tuambie," akasema fundi. "Mgongo umekaaje?"

Shemeji yangu aliutazama kuliko suti yoyote inavyostahili kutazamwa. Akapitisha kiganja katikati ya mabega, pale palipokuwa na chaki.

"Umekaa vizuri," akasema.

Nikajiandaa kumtania. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka palepale, amemkumbatia mtoto wa watu, na safari hii hakungoja kesho.