Tulivyompeleka Mzee Dwarka

Siku Mama, mwenye duka ninaposhonea, aliponieleza habari ya safari nilikuwa nimeinama, napachika zipu kwenye sketi ya shule. Alitoka nyuma ya meza ya duka akijishikilia ukutani, maana magoti yake yamechoka, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Funika cherehani kidogo, mwanangu. Nina neno."

Nimeshona kwenye baraza ya duka lake la vitambaa, pale Makambako, tangu nilipokuwa binti wa miaka ishirini, na sasa nina wajukuu. Mama ni Mhindu, lakini alizaliwa Njombe mjini na hajawahi kuishi kwingine ila huku kwetu. Kina mama wa viazi wakipita na kumsalimu "kamwene", huitikia bila kuinua macho kwenye kitambaa anachopima. Mumewe, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mwili wake uliteketezwa Iringa kwa desturi ya dini yao, na majivu yakarudi Makambako katika chungu kidogo cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu. Kilikaa stoo ya nyuma, kwenye rafu ya peke yake, kikimsubiri mtoto wao wa kiume aje kutoka Uingereza ampeleke baba yake Dwarka. Huo ni mji wa mahekalu, uko pwani ya India, na ukoo wao umekuwa ukimwaga majivu ya wafu wao katika mto wa huko tangu zamani.

"Mwanangu amepasuliwa moyo," Mama alisema. "Daktari amemkataza kupanda ndege. Mimi sitaki Mzee akae mwaka mwingine stoo pamoja na majora ya vitambaa. Nitampeleka mwenyewe. Ila peke yangu sitaweza. Twende wote."

Nilimwambia nitazungumza kwanza na kaka yangu.

Kaka anakaa Mjimwema, Njombe, kwenye kiwanja alichotuachia baba. Ni mzee wa kanisa, na katika ukoo wetu wa Kilutheri neno lake halivukwi ovyo. Nilimkuta Jumapili baada ya ibada, bado amevaa koti lake jeusi, amekaa jikoni karibu na moto kwa sababu ya baridi. Nilipomaliza kueleza akauliza:

"Mdogo wangu, unataka kwenda kusujudia sanamu?"

"Nakwenda kumshika mkono mama mtu mzima, kaka. Anapeleka majivu ya mumewe."

"Na mumewe alikuwa nani kwako?"

"Unajua alikuwa nani."

Alijua. Miaka ishirini na mitano iliyopita binti yangu wa kwanza, mwenye miaka minne, alishikwa na homa ya mapafu. Baba yake alikuwa ameshaniacha. Watu walisema nimkimbize Ikonda, kwenye hospitali ya misheni kule Makete, lakini ilikuwa masika, na magari yote yalikuwa yanakwama njiani. Mzee alifunga duka mchana kweupe, akanipakia mimi na mtoto kwenye pikapu yake. Tulikwama mara tatu. Kila mara alishuka kwenye tope na viatu vyake vya ngozi, akakata matawi na kuyaweka chini ya matairi. Tulipokuwa tunakaribia kufika nilimwambia, "Mzee, simamisha gari. Mtoto amekwisha." Alisimamisha. Alikaa ameshika usukani, kisha akageuza gari, akatuleta moja kwa moja mpaka Mjimwema, nyumbani kwa baba. Kesho yake alirudi na bafta nyeupe ya sanda, mpya, aliyoikata yeye mwenyewe kutoka kwenye jora. Akasimama kaburini na watu wetu mpaka wimbo wa mwisho, na zamu yake ilipofika akainama akatupia udongo kama sisi.

Kaburi hilo kaka ndiye aliyelichimba. Hivyo siku ile jikoni hakubishana nami tena. Alisukuma kuni ndani ya moto, akasema:

"Nenda. Lakini niahidi jambo moja. Usile kilichotolewa mbele ya sanamu."

Nikamwahidi.

Tulipanda basi mpaka Dar es Salaam, kisha ndege mpaka Mumbai, kisha gari moshi karibu siku nzima. Chungu Mama alikipakata muda wote. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege ofisa alisoma karatasi za Mama, akamtazama, akamrudishia chungu kwa mikono miwili. Ndani ya gari moshi wanawake waliokaa nasi walimwuliza mambo kwa Kigujarati, naye akawajibu, nao wakatazamana. Baadaye aliniambia wamemshangaa kwa maneno anayotumia.

"Wanasema naongea kama bibi zao waliokufa. Wameniuliza natoka kijiji gani. Nimewaambia Makambako, wakaanza kuulizana Makambako iko wilaya gani ya Gujarat."

Alicheka, kisha akageukia dirishani.

Hekalu kubwa la Dwarka unaliona kabla hujaufikia mji. Ni jiwe la kijivu lililochongwa kila mahali, na juu kabisa kuna bendera ndefu kuliko kitambaa chochote nilichowahi kushona. Bendera hiyo hubadilishwa mara kadhaa kila siku, na kila moja hutolewa na ukoo fulani. Watu wa ukoo huo huja nayo wakiimba, wameibeba kichwani kwenye kapu, kisha mtu mmoja hupanda mpaka kileleni bila ngazi ya kueleweka na kuifunga. Karibu na nyumba ya wasafiri tuliyofikia kulikuwa na fundi mzee anayeshona bendera hizo. Nilisimama mlangoni pake. Akaona nilivyokuwa natazama mshono, akajua. Alinisogezea ncha ya kitambaa niipapase. Ulikuwa mshono wa kukunja mara mbili, imara, wa kuhimili upepo wa bahari. Nilimwonyesha alama ya sindano kwenye kidole changu, naye akanionyesha yake.

Jioni Mama aliingia hekaluni kuomba. Mimi nilibaki nje na viatu vyake, kwa hiari yangu, kwa sababu ya ahadi. Alikaa sana huko ndani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu na uso wake umetulia, na mkononi alikuwa ameshika vitamu vyeupe kwenye jani. Alimega kimoja akanipa.

"Kula. Nimekuombea wewe na yule mtoto wako."

Nilikishika. Sikuweza kukipeleka mdomoni wala kumrudishia.

"Mama, nilimwahidi kaka sitakula kitu cha hekaluni."

Alinitazama kana kwamba hanijui. "Miaka yote hii umekula chapati zangu. Umekula dengu zangu. Leo chakula changu kimekuwa haramu?"

"Chakula chako sijawahi kukikataa. Hiki kimetolewa kwa mungu wenu. Ningekuwa mwongo kwa kaka, na kwako pia."

Ng'ombe wa mitaani alikuwa amesimama karibu yetu, kama walivyojaa mji ule. Mama alikichukua kile kitamu kiganjani mwangu akamlisha ng'ombe, akavaa viatu vyake, akatangulia. Chumbani alijilaza akiwa amegeukia ukuta.

"Kesho nitashuka mtoni mwenyewe," alisema. "Usijichafue kwa ajili yetu."

Neno lile liliniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Nilitamani kumwambia habari ya udongo aliotupia Mzee, lakini nikaona nitakuwa kama ninayemdai shukrani mtu mwenye msiba. Nikazima taa.

Asubuhi alitoka na chungu chake, nami nikamfuata. Mto wa pale ni mpana na hauna kina, unaingia baharini palepale mbele ya hekalu, na kando yake kuna ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ndani ya maji. Kuhani aliyetusubiri alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alitandaza unga, ufuta, maua na maziwa kidogo kwenye sahani ya majani. Aliuliza mtoto wa kiume yuko wapi. Mama akamweleza. Kuhani akafikiri, akakubali Mama afanye mwenyewe, akaanza kusoma.

Ulipofika wakati wa kushuka, Mama alisimama na chungu chake. Ngazi ya kwanza akashuka. Ya pili akashuka. Ya tatu ilikuwa na utelezi wa majani ya maji, na goti lake likakataa. Nilimwona akiyumba, na sikungoja kuitwa. Niliingia na viatu vyangu, nikamdaka kiunoni, mkono wangu mmoja ukaenda chini ya chungu. Tulisimama hivyo, tunatweta, maji yakitufika kwenye mashavu ya miguu.

"Nikuachie?" nikamwuliza.

"Ukiniachia nitaanguka," alisema, akaanza kulia. "Usiniachie."

Kuhani alimwuliza kitu. Mama akanitafsiria huku machozi yanamtiririka: "Anauliza wewe ni wa dini gani. Nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

Alimwambia. Yule kuhani alitutazama wote wawili, akatazama mawimbi yaliyokuwa yanapanda mtoni kutoka baharini, akasema maneno machache tu. Mama akasema: "Anasema tushuke ngazi moja zaidi. Hapa majivu yatarudi kwenye mawe."

Tukashuka ngazi moja. Mama alifungua kitambaa chekundu na tukainamisha chungu kwa mikono minne. Majivu yalitoka yote mara moja, mepesi, na vipande vyeupe vidogo vikazama kwanza. Yeye alikuwa anaita jina la mungu wake. Mimi nilisali Baba Yetu kimoyomoyo, kwa Kibena, lugha ya kwetu, kama alivyonifundisha mama yangu kabla sijaanza shule. Sikujua sala nyingine ya kumsindikizia mtu yule.

Baadaye kuhani alitupeleka nyumbani kwake na kutoa vitabu virefu vilivyofungwa kwa kamba. Familia yao imeandika majina ya waliokuja kuhiji kwa vizazi vingi, kijiji kwa kijiji. Alipekua kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye ukurasa wa rangi ya chai, na Mama akasoma polepole, maana kusoma lugha ile alijifunza kwa mama yake tu. Ulikuwa mwandiko wa babu yake Mzee. Aliandika kuwa amekuja kuoga mtoni kabla ya kuvuka kwenda Afrika, na kwamba akijaliwa atarudi.

"Hakurudi," Mama alisema.

Kuhani alichukua kalamu kuandika yetu. Aliuliza makazi. "Makambako," Mama akasema, naye akaandika kwa kusikia tu, baada ya Mama kulirudia jina mara tatu. Kisha akaninyooshea kalamu mimi, akauliza kitu. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Aliniuliza huyu ni nani," akaniambia tulipokuwa njiani. "Nimemwambia aandike, amekuja na mtu wa nyumbani."

Hatukuzungumza tena habari ya kile kitamu. Jioni hiyo alinunua ndizi sokoni, akaniletea, akazimenya mbele yangu, akasema, "Hizi hazijafika hekaluni." Tukala.

Niliporudi Mjimwema kaka aliniuliza kama nilitunza ahadi. Nilimwambia nilitunza, na nikamweleza mambo ya mtoni yote, bila kuficha kwamba mikono yangu ilikuwa kwenye chungu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama Mzee alizama vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya," akatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Mama bado yupo, anafungua duka saa tatu sasa badala ya saa mbili. Miezi michache iliyopita nilimsikia akizungumza na mwanawe kwa simu, kwa Kiswahili, akisema akifa yeye wasihangaike na ndege. Majivu yake wayapeleke Njombe, kwenye Mto Ruhuji, pale alipokuwa akichezea alipokuwa mtoto. Mwanawe alisema ule si mto mtakatifu. Mama alimjibu kwamba ni mto, na kwamba anaujua.

Mwanawe hajakubali. Wanalizungumza tena na tena, na mara nyingine Mama hukata simu kwa hasira. Mimi sijaulizwa. Siku nitakayoulizwa, nitasema nililolisikia kwa masikio yangu.